Makochi Yasiyokaliwa

Wifi yangu Hildegarda alipoingiza makochi mapya nyumbani kwake Mikumi, jamani, tulikoma. Hakuna kukaa! Aliyaacha na nailoni yake ya dukani, ati yasichafuke. Kaka yangu Gerald, baba mzima, anakula ugali kibarazani. Mama yetu anakaa chini kwenye mkeka wake wa ukindu, ameushona viraka mpaka umekuwa mzito, na wala halalamiki.

Ili makochi yaenee, Hildegarda alipasua vigoda viwili vya marehemu babu na bibi, akachemshia maharage. Mama alilia kutwa. Kwetu kigoda cha marehemu hakitupwi. Kinabaki ndani, kinafutwa vumbi, hakikaliwi na mtu.

Haukupita muda, nailoni ikaanza kubonyea. Kila asubuhi, kwenye kochi kubwa, alama za watu wawili waliokaa karibu karibu. Ukigusa, pana joto.

"Ni mama yako huyo!" Hildegarda akamwakia Gerald. "Anangoja nilale. Arudi kwake kijijini Mvumi, la sivyo naondoka mimi!"

Gerald, mwanamume gani yule, akabeba sahani yake akatoka kibarazani. Nyumba ya Mvumi iliangushwa na mvua, na mimi nina chumba kimoja na watoto. Mama angekwenda wapi? Nikamwambia wifi, "Haya, leo mama analala kwangu. Funga sebule, ufunguo kaa nao wewe."

Asubuhi nikamrudisha mama. Hildegarda akafungua mlango mwenyewe. Nailoni ilikuwa imebonyea palepale, na mbele ya macho yetu ikalia, krrr, kama mtu anajisogeza. Gerald alirudi kinyumenyume mpaka uani.

Mama akavua ndala, akapiga goti mlangoni. "Shikamooni."

Sisi hatukusikia kitu. Yeye akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeambiwa jambo, akamgeukia mkwewe. "Vigoda vyao umechoma. Ulitaka wakae wapi?" Akaanza kukunja mkeka wake. "Mimi nakwenda kwa binti yangu, tutabanana hivyo hivyo."

Hildegarda akamshika miguu. Yeye huyo huyo! "Mama, usiniache na hawa, nakuomba! Baki. Kaa popote, kaa hata kwenye kochi!"

Nailoni ya makochi madogo nayo ikaanza kulia, moja baada ya jingine.

Mama akachungulia sebuleni. "Nikae wapi, mwanangu? Wamewaita wenzao, pameshajaa."