Mbegu Aliyonipa Vuai

Usiku wa jana niliota nimekaa kwa kinyozi, nimepakata kopo la udongo lenye mbegu ya shokishoki. Mbegu hiyo ni ya kweli. Alinipa Vuai, kaka wa mke wangu, ambaye mshokishoki wake unazaa mpaka matawi yanainama. Mwezi mzima nilikuwa naimwagilia, haioti. Mimi nilisema aliichemsha kabla ya kunipa, na nikaapa kumwambia hivyo leo mchana akija kula. Mke wangu Mize naye akaapa: nikimtukana kaka yake, anafunga mizigo.

Kwenye kiti cha kinyozi limekaa shokishoki jekundu lenye nywele ndefu, limefungwa kitambaa shingoni.

"Punguza pembeni tu," linasema.

Kinyozi ni Vuai. Karibu naye sufuria inatokota.

"Unachemsha nini, shemeji?"

"Maji ya kunyolea."

Amejibu haraka mno. Nachungulia sufuriani. Ni maji matupu, na hilo linanitia shaka zaidi.

Naligeukia shokishoki. "Wewe unamjua huyu. Huwa anachemsha mbegu?"

"Habari za ndani hazitoki mpaka unimenye."

Nalimenya kwa ukucha, nalimung'unya. Tamu! Naudhika kwamba ni tamu. Kumeza tu, tuko chumbani kwangu. Mize amelala, mizigo yake imefungwa mlangoni, na Vuai bado ameshika mkasi.

Ndani ya kopo, mbegu inakohoa.

"Sijachemshwa. Nasubiri zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuota. Chumba hiki kina kuota kumoja tu, na kila usiku unajichukulia wewe. Ukiota wewe, mimi sioti."

"Maneno hayo kakufundisha Vuai?"

"Vuai halali chumba hiki."

Kweli halali. Lakini mbegu yenye majibu namna hii mimi siiamini hata kidogo.

"Amka," inasema. "Niachie mara moja tu."

"Nikikuachia utafanya nini?"

Inajifukia udongoni. Naogopa, sifichi. Lakini naitazama ile mizigo mlangoni, roho inaniuma, naamka kwa makusudi.

Jua la asubuhi lilikuwa limeshaingia chumbani. Mize alikuwa amesimama dirishani, kopo mkononi. Udongo ulikuwa umepasuka, na kichipukizi chembamba kimechomoza, bado kimepinda.

"Haya, baba," alisema. "Kaka yangu kachemsha?"

"Mpikie pilau," nilimjibu.

Alicheka, akaenda jikoni. Mimi nikabaki kitandani, nakitazama kile kichipukizi. Mbegu imeota, sibishi. Ninachotaka kujua sasa ni imeota nini.