Kura ya Obadia Thurlow

Tangu alipovuka mto, Obadia Thurlow alikuwa akisikia mtu nyuma yake kwenye theluji. Kila aliposimamisha farasi na kugeuka, njia ilikuwa tupu. Lakini mwendo ule aliujua: mguu mmoja ulikuwa ukiburutwa, kama wa marehemu Asaheli, mdogo wake.

Mwaka uliopita askari walimvamia Asaheli nyumbani bila hati ya hakimu, wakapekua mpaka chini ya godoro la mtoto. Akafia gerezani hata kesi haijasikilizwa. Ndiyo maana watu wa mji, walipomtuma Obadia Boston kuijadili Katiba mpya ya Marekani, walimwagiza neno moja tu: asiikubali mpaka haki za raia ziandikwe ndani yake.

Kule Boston mabwana wakazungumza naye taratibu. Ipitisheni kwanza, walisema, haki tutaziongeza baadaye. Jina lake lilipoitwa kupiga kura, akajibu ndiyo.

Sasa alifululiza hadi kwa Mehitabeli, mjane wa Asaheli. Alimkuta akikanda unga.

“Wameziandika zile haki, shemeji?” mjane aliuliza.

“Bado. Wameahidi.”

“Nani kaahidi?”

“Wakubwa. Watu wa heshima.”

“Hata waliomchukua mume wangu walikuwa na heshima zao. Mmoja alifuta viatu kabla ya kuingia.” Akamtazama. “Na wewe ukasemaje?”

“Nilikubali.”

Mehitabeli hakupandisha sauti. “Mbona unaangalia mlangoni? Umekuja na nani?”

“Peke yangu.”

“Mimi namsikia tangu asubuhi, anazunguka uani. Nilidhani amenijia mimi. Kumbe alikuwa anakungoja wewe.”

Obadia alitamani kukaa, ila hakuambiwa karibu. Akaondoka, na nyayo zile zikamsindikiza mpaka kwake.

Hazikumwacha. Aliandika barua kwa wabunge, moja baada ya nyingine, akiwakumbusha ahadi yao. Ilipita karibu miaka minne ndipo haki zile zikawa sheria. Alichukua gazeti, akaenda kumsomea Mehitabeli kile kifungu kinachokataza kupekua nyumba za watu ovyo.

“Kinawahusu na waliokwisha kufa?” aliuliza mjane.

“Hapana, shemeji.”

Mehitabeli akamsogezea kiti kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

“Basi soma tena. Polepole, naye asikie.”

Obadia akasoma. Alipofika kwenye neno nyumba, aliinua macho akatazama mlangoni, na Mehitabeli akamngoja.