Kiti cha Gathoni

Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili, mwaka 1983, Daktari Kingori alifungua mlango wa nyumba yake mtaani Skuta achukue pakiti mbili za maziwa ambazo mchuuzi humwachia kizingitini, akakuta kiti. Kilikuwa kiti cha mbao cha darasani, namba 31 imeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe. Kilikuwa kimelowa umande, na miguu yake ilikuwa na tope jekundu la njia ya mkato inayotoka chuoni.

Alikifahamu. Kwa mwaka mmoja na nusu kilikuwa kikikaliwa na Gathoni, msichana wa Karatina. Sasa hakikukaliwa na mtu, maana wiki tatu zilizopita Gathoni alikuwa amefungwa miaka mitano kwa uchochezi.

Kingori alichemsha chai, akainywa amesimama. Alipotoka kwenda kazini, kiti kilimfuata.

Kingori alifundisha falsafa katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya mji wa Nyeri. Alikuwa ameandika kitabu kimoja, chembamba, kuhusu uhuru wa mtu. Ndani yake alisema kwamba hakuna binadamu aliyewahi kulazimishwa kabisa. Siku zote kuna mlango mdogo, na asiyepita hapo ameamua mwenyewe kubaki ndani. Wanafunzi walikipenda kitabu kile kwa sababu kilikuwa kifupi. Gathoni alikipenda kwa sababu nyingine. Siku moja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na yule aliyefungiwa mlango na mtu mwingine? Mwenye ufunguo tunamwita nani?"

Kingori alimjibu kwamba hilo ni swali zuri, watalirudia muhula ujao.

Kabla muhula haujafika walikuja wanaume wawili waliovaa makoti. Walikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, ikisema kwamba Daktari Kingori alimsikia Gathoni kwa masikio yake akiwashawishi wenzake waipindue serikali. Hakuwa amesikia neno kama hilo. Aliisoma karatasi mara mbili, akasahihisha kosa la sarufi katika mstari wa nne, akatia sahihi. Wanaume wale walimshukuru kwa lile sahihisho.

Darasani kiti kilikwenda kusimama mahali pake, safu ya pili karibu na dirisha. Wanafunzi walikipisha. Jioni kilirudi Skuta nyuma ya Kingori, hatua nne nyuma, kikivuka mitaro kwa uangalifu kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Jumamosi Kingori alikipeleka kwa Mzee Huseni, seremala wa Majengo, aliyekuwa akitengeneza viti tangu enzi za Mzungu. Mzee Huseni alikipindua, akagonga kila mguu, akanusa gundi.

"Hakina ugonjwa, Daktari," alisema. "Mbao nzuri hii. Kinamtaka mtu wake."

"Huwezi kukipigilia misumari sakafuni?"

"Naweza. Lakini kitakwenda na sakafu."

Kingori alifikiri, akaona njia ya haki ni kukipeleka kwa jamaa za Gathoni. Siku ya soko alikiweka nyuma katika gari lake, wakashuka Karatina. Ngendo, mama yake Gathoni, alikuwa akiuza viazi kwa debe karibu na lango la juu. Kiti kilimtambua kabla ya Kingori, kikaenda kusimama kando yake.

"Hii kiti ni ya nani?" Ngendo aliuliza.

"Ya Gathoni, mama. Nimekuletea."

"Mimi sikupoteza kiti." Alimtazama vizuri. "Ni wewe ule mwalimu aliandika?"

"Sikuandika. Niliweka sahihi tu."

"Na hayo maneno, uliyasikia?"

"Hapana."

"Basi andika ingine. Sema haukusikia."

Kingori alimweleza kwamba jambo lenyewe si jepesi. Karatasi ya pili ingeuliziwa maswali juu ya ile ya kwanza, na huenda angepoteza kazi, tena mwaka huu jina lake lilikuwa limependekezwa kwa uprofesa. Aliyasema haya polepole, kwa mpangilio mzuri. Ngendo alimsikiliza huku akimjazia mteja debe.

"Huko chuo unafundisha nini?"

"Kwamba mtu ana uhuru wa kuchagua."

"Na iko watu wanapita hiyo mtihani?"

"Wengi."

"Haya. Rudi na kiti yako. Hapa inazuia watu."

Wakarudi wote wawili.

Chuoni mambo yalipangwa bila matata. Daktari Nderitu, mkuu wa kitivo, alipitia daftari la mahudhurio akaona kwamba namba 31 haijakosa somo hata moja, jambo ambalo hakuna mwanafunzi mwingine aliyeweza kujivunia. "Na hakiulizi maswali," aliwaambia wajumbe wa kamati. Wakakubaliana jina la Gathoni lisifutwe. Katika mtihani wa mwisho kiti kilisimama mbele ya daftari la majibu kwa saa tatu. Kingori alilisahihisha kwa haki. Kurasa zote zilikuwa nyeupe na hazikuwa na kosa. Akatoa alama sitini na nane, maana hakupenda kuonekana ana upendeleo.

Mahafali yalifanyika Novemba 1984. Kingori, ambaye sasa alikuwa profesa, ndiye aliyesoma majina. Alipofika kwa Gathoni kiti kilipanda jukwaani, Nderitu akakivika joho, watu wakapiga makofi ya kawaida. Kwa kuwa kiti hakina mikono, cheti alikabidhiwa mzazi. Ngendo alikuwa amekuja amevaa gauni la kanisani. Alikipokea, akakisoma chote, hata jina la mchapishaji pale chini.

Baadaye alimkuta Kingori uwanjani.

"Askari hawatakubali hii iingie," alisema. "Wafungwa hawaruhusiwi karatasi. Nitamwambia na mdomo."

"Atafurahi, mama."

"Na ile ingine, umeandika?"

"Bado naitafakari."

"Sawa. Amebakisha miaka tatu na miezi tano." Alikunja cheti mara nne, akakitia ndani ya kitambaa, akashuka kwenda kutafuta gari kabla mvua haijanyesha.

Mpiga picha alimwomba Profesa Kingori asogee karibu na kiti na kukiwekea mkono begani, kama wafanyavyo walimu na wanafunzi wao. Kingori alisogea. Mbao zilikuwa na joto, kana kwamba mtu alikuwa ameinuka hapo sasa hivi. Akaweka mkono, akatabasamu, picha ikatoka nzuri.