Msemaji wa Raundi Moja

Binamu yangu, kapteni wa chama cha mdahalo chuoni, tulimwita Mheshimiwa, naye akadhani ni sifa. Alikuwa hawezi kuomba chumvi mezani bila kutoa hoja tatu. Miaka miwili alinichukua kwenye mashindano kwa sababu moja: kanuni zilitaka kila msafara uwe na mwanamke. Basi nikawa mwanamke wa msafara. Nilikaa viti vya nyuma nikiwashikia makoti, na wakishinda naitwa kwenye picha.

Mwaka huu waandaaji walikaza kamba. Kila timu ni watu wawili, mmoja awe mwanamke, na asimame azungumze. Tena kila chuo kije na jaji wake. Mheshimiwa alizisoma kanuni hizo kama panya anavyokagua ghala, akitafuta tundu tu. Akaniita ofisi ya chama, rafiki yake Kamusi akiwa pembeni anaitikia kwa kichwa kila neno.

"Dada, sikiliza. Raundi ya kwanza unazungumza na mimi. Baada ya hapo tumbo linakuuma kidogo, Kamusi anaingia nafasi yako. Ukipona, unakuwa jaji wetu."

"Nitapona lini, kaka?"

"Papo hapo," alisema, hata hakucheka.

Kisha akanipa hotuba aliyoniandikia. Pembeni mwa aya ya pili alikuwa ameweka alama mahali pa kutabasamu. Kweli akili ni nywele, na za binamu yangu zilianza kupukutika mapema. Nilikasirika, lakini nilitaka kuzungumza. Hata raundi moja. Nyumbani nilikuwa nimeandaa hotuba yangu mwenyewe.

Asubuhi ya mashindano tulipanga foleni ukumbini. Mezani alikaa katibu wa waandaaji, mama mwenye miwani iliyopandishwa utosini. Kabla hajaulizwa, Mheshimiwa alianza kumhesabia vikombe vyake tangu sekondari. Katibu alimwacha amalize.

"Huyu binti ni msemaji au jaji?"

"Vyote viwili, kwa nyakati tofauti."

"Hapa mtu ana kazi moja mpaka mwisho. Na jaji awe amezungumza kwenye mashindano miaka miwili."

"Ana miaka miwili kamili," alisema Mheshimiwa.

"Ya kuzungumza?"

Binamu yangu alishusha sauti. "Ya kuhudhuria."

Katibu alimtazama Kamusi, ambaye hayo yalikuwa mashindano yake ya kwanza. Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Bila jaji chuo kinarudi nyumbani. Bila mimi hakuna timu.

"Mwandike kaka yangu jaji," nilisema. "Vikombe vyake umevisikia."

"Dada, usinifanyie hivyo," alininong'oneza. "Mimi ndiye timu."

Katibu alikwishaandika. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikumwambia. Alipelekwa chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu kuamua midahalo ya wanaoanza, na kanuni ilimkataza kufungua mdomo mpaka wote wamalize.

Mimi na Kamusi tuliingia chumba chetu. Kamusi alitumia dakika zake zote kufafanua neno "maendeleo" na kengele ikamkuta hapohapo. Kisha nikasimama na karatasi yangu. Nikazungumza mpaka dakika zangu zikaisha. Tulishindwa.

Jaji wa chumba hicho, kijana mwenye kikohozi, alinigeukia na maandishi yake. "Hoja yako ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ni dhaifu, huna ushahidi, na mpinzani alikubana hukujibu."

Kamusi aliniambia pole. Sikuona pole ya nini. Miaka miwili chamani nilikuwa nimesifiwa nguo, nywele na uvumilivu; hakuna aliyewahi kuniambia hoja yangu ni dhaifu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikiliza. Nilivuta kiti karibu na jaji nikamuuliza ushahidi wa namna gani.