Macho ya Mpura Maharage

Sulaiman, koplo aliyefundisha besiboli kwenye uwanja wa kambi ya jeshi Mbarara, alikuwa amebakiza nafasi moja kwenye timu ya shule. Atakayeipata angelala bweni na kusoma bila karo. Mpwa wangu Yvette alikuwa ameshakosa mipira miwili. Ulibaki mmoja.

Nilisimama nje ya mstari wa chokaa. Tangu tutoke Fizi, kule Kongo, kila mlango una mtu mmoja wa kuamua, na sisi tunangoja uso wake.

Kosa halikuwa mwilini. Sulaiman alimweleza naye akashika: uzito ukae mguu wa nyuma, wa mbele ukanyage polepole, kiuno kizunguke kwanza, mikono ifuate mwisho, karibu na kifua. Kiuno kilizunguka vizuri kabisa. Lakini gongo lilipoukaribia mpira, Yvette alifumba macho.

Gorret, binti wa askari wa kambi hiyo, akawaambia wenzake kwamba mkimbizi anaogopa mpira. Wakacheka.

Damu ikanipanda. Nikavuka chokaa. Nikamwambia Sulaiman huyu haogopi kitu: kule Juru, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, anapura maharage kwa fimbo tangu utotoni, na fimbo ikishuka makapi yanaruka, kwa hiyo kila mwenye akili anafumba macho. Ningeishia hapo. Wapi! Nikamtajia foleni za unga, nikamtajia wote waliowahi kutuita waoga huku tunazika watu wetu, na mengine ambayo yeye, mtoto wa watu, hakuhusika nayo.

"Mzee, toka," Sulaiman akasema. "Ama nafunga hii kazi saa hii, wote mnaenda."

Sikutoka.

Yvette akashusha gongo, akanigeukia mimi mjomba wake. "Tonton, unyamaze. Hii fasi ni yangu, haiko yako." Kisha akamgeukia Sulaiman, kwa sauti ndogo: "Afande, batupe tu mpira. Sitafunga macho tena."

Nikarudi nyuma ya chokaa.

Mrushaji akarusha. Mguu ukakanyaga, kiuno kikazunguka, mikono ikafuata, na macho yake niliyaona: wazi, yanachuruzika machozi. Gongo likalia. Mpira ukawapita juu kina Gorret, ukaangukia majanini huko.

Sulaiman hakumsifu. Alimwambia achukue mfuko wake akakae na waliochaguliwa. Yvette akanipita karibu, hakusimama. Nilikuwa na maneno tele. Niliyameza, nikaenda kutafuta gari la Kabingo, la kurudi Juru, peke yangu.