Kijembe cha Mwamini

Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, Jokha alikuwa akigeuza samaki wadogo wa ndagala walioanikwa mchangani kando ya ziwa alipoona maji yakitoka chini ya mlango wa mdogo wake Mwamini. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili. Ndani, Mwamini alikuwa akijaribu wimbo mpya wa lelemama, ngoma ya wanawake, na kila alipomaliza ubeti, ziwa lilipanda sakafuni upana wa kidole. Jokha aliingia, akainua mkeka na kikapu cha mihogo, akaviweka kitandani, akapandisha kanga magotini, akasikiliza.

*Kitanda changu ni kina, sioni pa kukanyaga,*
*naitwa na walo chini, walo juu waniaga.*

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Wadachi, yaani Wajerumani, wafyeke vichaka vya ufukweni kwa sababu ya mbung'o wanaoleta ugonjwa wa malale. Daktari wao alimpapasa shingo Feruzi, mume wa Mwamini, akakuta tezi zimevimba, akampeleka kambi ya wagonjwa, na huko Feruzi akazikwa na watu wasiojua jina la baba yake. Tangu siku ile Mwamini hakupata usingizi. Alisahau chungu jikoni mpaka kikapasuka.

Siku ya Idi aliuimba wimbo wake uwanjani. Maji yaliwafika wachezaji vifundoni. Wakashika ncha za kanga, na hatua hazikuharibika. Huku Rumonge, wimbo wa lelemama ni kijembe, na kazi ya msikilizaji ni kujua kimemchoma nani.

"Iko ananisema mimi," alisema Mwanvua, kiongozi wa kundi la pili. "Eti mume wangu halali nyumbani."

"Wewe nani akuimbe? Hapo ni Khamisa," alisema Asiya, mmoja wa wachezaji. "Kwa mwili ule, kitanda lazima kizame."

Khamisa mwenyewe alicheka.

"Anajisema mwenyewe," Jokha aliwaambia. "Mdogo wangu iko mugonjwa."

"Dada Jokha," alisema Mwanvua, "nani anayenoa kisu ili ajichome mwenyewe?"

Wakacheka hata wapiga pembe wakapoteza mapigo.

Kesho yake Jokha alimwita Nasoro, msaidizi wa daktari. Nasoro alivua viatu mlangoni, akavuka maji, akampapasa Mwamini shingo.

"Shingo iko safi, mama."

"Lakini halali hata kidogo."

"Malale ni kulala, mama. Huyu halali. Basi ni muzima."

Akatoka, akakausha miguu yake kwa kitambaa, akavaa viatu.

Ijumaa iliyofuata kundi la Mwanvua lilipita mbele ya nyumba likiimba jibu. Mwamini alikuwa amekaa juu ya kinu, maji yakimfika kiunoni.

"Wanasemaje, dada?"

"Wanasema vitanda vyao ni vikavu."



"Kumbe walisikia," alisema Mwamini.

Jokha alilala mlangoni pa Mwamini siku tatu. Ya nne, alipokwenda kuswali alfajiri na kurudi, alikuta maji yamejaa hadi kwenye paa. Mlango ulikuwa wazi, nayo yalisimama wima pale kizingitini bila kumwagika, safi, kitanda kikionekana chini kabisa. Mwamini hakuwamo. Jokha aliingiza mkono mpaka begani, akatafuta, akautoa.

Mwalimu wa msikiti alisema hawezi kumswalia mtu bila mwili wake wala habari ya kifo chake. Siku ya saba tangu Mwamini atoweke, wanawake walikuja na beseni zao, kwa kuwa kuchota pale kulikuwa karibu kuliko ufukweni. Walikuwa wakichota wakati sauti ya Mwamini ilipotoka majini, ikaimba mstari ambao hakuna aliyewahi kuusikia:

*Nimefika nilikoitwa, hata huku sijalala.*

Beseni zikawekwa chini mpaka mstari ukaisha.

"Huyo sasa ni wewe, Asiya," alisema Mwanvua.

Asiya aliutafakari ule mstari, akakubali kuwa umemgusa. Alijitwika beseni, akaenda zake nyumbani kutunga jibu.