Mwiko wa Dona Iracilda

Kwa miaka kumi na minane, katika ofisi moja ya ghorofa ya tatu mjini Belo Horizonte, Brazili, hakuna aliyegusa orodha ya viti kabla ya kushika mwiko. Ulikuwa wa mti, wa kukorogea maharage, na ulilala mezani kwa Bi Iracilda, au Dona Iracilda kama wanavyosema kule.

Ofisi ile iliandika programu za tiketi za mabasi. Orodha ya viti ilikuwa moja, na wawili wakiichokonoa kwa pamoja, balaa: mwaka mmoja abiria arobaini wa basi la kwenda Ouro Preto waliuziwa wote kiti namba kumi na mbili. Ndipo ukaja mwiko. Huna mwiko, mikono mbali na kompyuta.

Foleni ya mwiko ndiyo ilikuwa raha ya Iracilda. Mtu anasubiri, anang'ata kimkate cha jibini, mdomo unafunguka. Nani kaachika, nani anatafuta kazi kwingine, yote yalimfikia yangali moto.

Siku moja meneja, kijana Tarcísio, akarudi kutoka mkutanoni na lugha mpya ya kuandikia programu.

"Dona Iracilda, wewe ndiye mkongwe wetu. Ijaribu wiki mbili. Ukisema haifai, tunaitupa."

"Haifai."

"Ijaribu kwanza, mama."

Akaenda nayo nyumbani kama anayempeleleza mchumba wa bintiye. Siku ya kwanza alitukana tu. Lugha gani hii, haikuruhusu kubadilisha kitu? Ukiondoa kiti, inakupa orodha mpya isiyo na kiti hicho, na ile ya zamani iko palepale, haina hata mkwaruzo.

Siku ya nne matusi yakaisha. Alikuwa ameandika vipande vitano vifupi vya programu. Kila kimoja kinapokea kitu, kinatoa kingine, kinamkabidhi mwenzake, kama sahani siku ya sherehe: huyu anaosha, huyu anasuuza, yule anafuta, hakuna anayechungulia beseni la jirani. Akabonyeza. Jibu sahihi. Akabonyeza mara ishirini, akingoja liteleze. Jibu lilelile. Iracilda akaangua kicheko.

"Nani kapiga simu?" akauliza mumewe kutoka sebuleni.

"Hakuna mtu!"

"Sasa unacheka nini?"

"Viti vya basi!"

Kisha kicheko kikamkauka. Kama orodha haichokonoleki, hakuna wa kumsubiri mwenzake. Hakuna kusubiri, hakuna foleni.

Ijumaa ya majibu, rafiki yake Wanderleia alimvuta pembeni. "Shoga, sema haifai. Foleni ikifa, habari za watu nitazipata wapi, gazetini?"

Iracilda aliingia mkutanoni na kasoro mbili alizoziandika kwenye karatasi. Tatizo, zote mbili alishapata dawa yake, na dawa ilikuwa tamu.

"Inafaa," akasema, kama anayeng'olewa jino. "Inafaa mpaka inaudhi."

Tarcísio akataka mwiko utundikwe ukutani, wenye fremu.

"Kwani umekufa?" Iracilda akautia kwenye mkoba wake.

Mwezi ukapita, ofisi kimya, kila mtu na kompyuta yake, matumbo yamejaa umbea usio na pa kushukia. Jumamosi Iracilda akapika feijoada, sufuria kubwa la maharage meusi na nyama ya nguruwe, akaita ofisi nzima. Walikuja wote, hata wasiokula nguruwe. Foleni ikatoka jikoni mpaka getini.

"Mbona mwiko mmoja, Dona?" Tarcísio akalalamika, sahani mkononi. "Weka mitano, kila mtu ajipakulie."

"Maharage ukichota yanapungua, mwanangu. Subiri zamu." Akamsogelea. "Enhe, nasikia unahama nyumba. Unahama na nani?"